Sahani Niliyoirudisha Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na aproni yangu na mwiko wa ugali ndani ya mfuko wa karatasi, kwa sababu niliambiwa wanatafuta mpishi. Nilikuta geti la kijani pale Kibomet, mtaa mmoja wa Kitale, nikaligonga kwa jiwe kama tunavyogonga sisi. Akatoka mwanamume mrefu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Hakunisalimia. Alisema, "Mama, rudi nje. Hapo ukutani kuna kengele. Bonyeza, halafu ungoje." Nikarudi nje, mimi mjane wa miaka hamsini na minne, nikabonyeza kengele. Akafungua tena kama mtu ambaye hajawahi kuniona, akatabasamu mpaka meno ya nyuma, akanikaribisha kwa Kiingereza na kuniuliza habari za safari. Nilishtuka. Nikajiambia, huyu mtu anaumwa, na mimi nimekuja peke yangu.

Huyo ndiye alikuwa Mkurugenzi. Alinikalisha kwenye kiti laini, akasoma barua ambayo pasta wetu aliniandikia.

"Rosa Nanjala. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne, bwana."

"Kiingereza?"

"Kile cha kusalimia wageni kanisani tu."

"Vizuri sana," akasema, akakunja barua. "Kuanzia leo wewe ni Mzungu."

Haki ya Mungu, nilichukua mfuko wangu nikasimama. Nilidhani ananichezea. Yeye akacheka, na ilikuwa mara ya mwisho kumwona akicheka kwa muda mrefu. Akaniambia, "Kaa chini. Walimu ninao. Ninachokosa ni mama wa nyumba."

Wacha niwaeleze kazi yenyewe, kwa maana nikiwaambia wajukuu wangu nililipwa mshahara kwa kujifanya Mzungu wanasema nimezeeka vibaya.

Kituo chetu kilikuwa Kitale mjini, juu ya duka la mbegu. Kilichukua watoto wa sekondari waliotaka Kiingereza kiwakae mdomoni, kikawapeleka Uingereza kwa wiki tano wakati wa likizo ya mwezi wa nane. Kule hawakukaa hoteli. Kila mtoto alipewa familia yake, na familia hiyo tuliiita wenyeji. Asubuhi watoto wanaenda darasani, mchana wanatembezwa kuona makanisa ya kale na majumba ya wafalme, jioni wanarudi kwa wenyeji kula na kuongea. Mkurugenzi alisema Kiingereza cha kweli hakiko darasani, kiko mezani kwa watu, pale mtu anapoomba apitishiwe chumvi.

Lakini kabla ya kupanda ndege, kila mtoto alilala siku kumi pale Kibomet, katika Nyumba ya Mazoezi. Humo ndani tuliishi kama tuko ng'ambo tayari. Palikuwa na kapeti, uma na visu, na bafu refu la kulala ndani kama hori la ng'ombe. Kitandani palikuwa na duveti, yaani blanketi nono linalovishwa shuka kama mto. Palikuwa na mbwa anayeitwa Toni, naye alilala sebuleni. Bafu nililizoea. Mbwa wa kulala ndani alinishtua mwaka mzima. Mimi ndiye nilikuwa mama mwenyeji. Nilipewa sentensi kumi na mbili za Kiingereza, nikazikariri kama katekisimu: umelalaje, nguo chafu ziweke hapa, utarudi saa ngapi, utapenda kuongezewa. Watoto waliniita Mrs. Rosa mchana, na jikoni, mlango ukifungwa, waliniita Kukhu, maana yake nyanya, kwa lugha yetu ya Kibukusu.

Kundi la kwanza walikuwa wanane. Nikifunga macho nawaona bado: Wanyonyi wa hapa kwetu Misikhu, Nekesa na dadake Nelima, Simiyu mwenye pengo, Kiprop wa Cherangany, Barasa, Chelangat, na Mukhwana ambaye aliogopa bafu mpaka tukamwogesha kwa karai. Majina hayanipotei. Shule ilinipita, lakini jina la mtoto nikishalisikia limekaa.

Jioni ya kwanza na hao wanane Mkurugenzi alikaa mezani nasi. Nilipika kuku, viazi na njegere. Nikamwendea Barasa na bakuli, nikatoa sentensi yangu ya kumuuliza kama angependa kuongezewa. Barasa akainamisha macho, akasema, "No, thank you." Nikafanya kama mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikasogeza bakuli karibu nimuulize tena.

"Mama Rosa!" Mkurugenzi akagonga meza. "Umeuliza?"

"Nimeuliza, bwana."

"Amejibu?"

"Amejibu, lakini hajajibu. Si ni mtoto wa watu? Lazima akatae kwanza."

"Peleka bakuli jikoni."

Nilishtuka. Wote wanane walilifuata lile bakuli kwa macho mpaka mlangoni. Akanifuata jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini neno ambalo lilikuwa sheria ya kazi yangu kwa miaka kumi na mitatu: "Uliza mara moja tu. Ukiuliza mara ya pili, umeharibu kazi yangu yote."

"Lakini, Mkurugenzi," nikamwambia, "kwetu mtoto anayekubali chakula mara ya kwanza kwa watu, watasema mamake hampikii. Ataonekana mroho. Unakataa, unabembelezwa, unakataa tena, mara ya tatu unakula. Hiyo ndiyo adabu."

"Najua," akasema. "Mimi pia nililelewa hivyo. Kule mtu akisema hapana wanamheshimu, wanaamini ni hapana. Kumrudia ni kumsumbua. Mara moja, mama. Mara moja tu."

Hakunieleza zaidi. Akawasha gari lake akaenda.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo kosa langu lilipozaliwa. Gari halikuwa limefika barabarani. Nilichukua lile bakuli, nikarudi nalo mezani. Nikasema kwa Kiswahili, "Kula, Barasa. Kula hata kidogo, mzee ameenda." Akakataa mara moja tena kwa heshima, nikambembeleza, akala mapaja mawili. Wote wakala. Nililala nikiwa na amani. Nilijiambia, Mkurugenzi ni msomi, lakini hajawahi kunyonyesha.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi kwa miaka minane. Mkurugenzi alikula nasi kila Jumanne na Ijumaa, kukagua. Siku hizo niliwaita watoto jikoni mapema. "Leo mkubwa anakuja. Nikiuliza, semeni 'Yes, please' mara ya kwanza. Mmesikia?" Walisema, na Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa furaha, akaandika kwenye daftari lake kwamba wameiva. Siku tano zingine za wiki nilikuwa nikirudisha sahani mezani. Watoto wakajua kwamba kukubali upesi ni mchezo wa Jumanne na Ijumaa, na kwamba mama mwenyeji wa kweli anauliza mara tatu.

Walienda, wakarudi. Kiingereza kilikuwa kinawatoka kama maji ya mfereji. Lakini walirudi wamekonda. Nilipowapokea pale Kibomet na kuwashika mabega nilisikia mifupa. Nikasema ni baridi. Mkurugenzi naye akasema ni ile kutembea sana. Mwaka mmoja msichana wa Kapsokwony, Cheptoo, alirudishwa baada ya wiki mbili peke yake, na barua iliyosema ana ugonjwa wa kukataa chakula. Wengine wakasema amerogwa. Nilimwombea, nikampikia uji wa wimbi. Sikujiuliza lolote. Nikilikumbuka hilo sasa, mwili unanisisimka.

Mwaka uliofuata akaja Nafula wa Kamukuywa.

Kituo kilitoa nafasi moja ya bure kila mwaka kwa mtoto aliyeandika insha nzuri kupita wote. Nafula alikuwa na miaka kumi na sita, yatima, analelewa na shangazi yake, mwuza nguo sokoni. Mtoto wa kulelewa ana adabu ya aina yake. Hagusi sufuria ya mwenye nyumba, hafungui kabati, hasemi nina njaa. Nafula hakukataa chakula mara mbili kama wengine. Alikataa mara tatu, na mara ya nne ndiyo alinyoosha sahani. Mimi nilimpenda kwa hilo. Niliwaambia wenzake, "Mnaona mtoto aliyefunzwa?"

Siku ya kumuaga, shangazi alikuja Kibomet. Alikataa kuketi. Alisema mbele yetu sote, "Nafula, kanisa zima limekuombea na majirani wananicheka ati nimepeleka msichana kwa Wazungu badala ya kumwozesha. Ukirudishwa njiani kama yule wa Kapsokwony, usirudi kwangu. Utafute mahali."

"Ndiyo, senge," Nafula akajibu. Senge ni shangazi.

Mwaka huo huo Madam Mratibu, ambaye kazi yake ilikuwa kusindikiza watoto hadi ng'ambo, alijifungua mapacha wiki mbili kabla ya safari. Mkurugenzi aliniita ofisini. "Mama Rosa, una pasipoti ile tuliyokutolea?" Nikasema iko chini ya godoro. "Itoe. Unaenda kuwa msindikizaji."

Msindikizaji ni mtu wa kuhesabu watoto: mlangoni, kwenye ndege, kwenye basi. Ni mtu wa kushika karatasi ya mwenyeji, yaani ile inayosema mtoto huyu hali nini na anaabudu wapi. Nilipanda ndege nikiwa na miaka sitini na miwili. Yaliyonishtua njiani ni mengi, siwezi kuyamaliza. Ngazi zinazotembea zenyewe. Mlango uliofunguka kabla sijaugusa, nami nikausalimia. Saa mbili usiku jua bado liko! Lakini hayo yote yalikuwa mishtuko ya macho.

Mji wetu ulikuwa mdogo, kando ya bahari ya kijivu. Mimi nililala bweni la walimu. Watoto wakagawiwa wenyeji. Nafula alipewa mjane kama mimi, Bi Joan, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi na nyumba inayonukia mkate. Nilimwona mara moja siku ya kukabidhiana, tukashikana mikono, nikatoa sentensi mbili katika zile kumi na mbili, akafurahi. Kila asubuhi niliwahesabu watoto langoni mwa shule. Wote walikuwa wamevaa makoti mazito. Koti ni kitu kibaya, bana, linaficha mtoto.

Siku ya tisa tulipelekwa kuona kanisa la kale lenye mnara. Ngazi za mawe, nyembamba, zinazunguka kama ganda la konokono. Nilikuwa nyuma. Nikasikia kitu kikianguka juu, na Simiyu mwingine, mdogo wa yule wa pengo, akapiga kelele, "Kukhu! Nafula!" Nilipofika, alikuwa amelala kwenye ngazi, midomo myeupe. Nilimfungua koti ili apumue. Kulikuwa hakuna mtu ndani ya lile koti. Mbavu tu.

Daktari hakupata ugonjwa. Jioni hiyo tukakutana sebuleni kwa Bi Joan: mimi, Bi Joan, Nafula, na Mkuu wa Kozi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba aliyesimamia wanafunzi wote wa kigeni pale mjini. Mkuu wa Kozi aliongea taratibu lakini Kiingereza chake kilinipita. Nikamwambia Nafula, "Nitafsirie."

Nafula akakaza macho kapetini. "Anasema hawawezi kukaa na mtoto anayekataa kula. Anasema wanaogopa nitafia hapa. Anasema Ijumaa kuna ndege."

Mtoto alinitafsiria maneno ya kufukuzwa kwake mwenyewe, na sauti yake haikutetemeka. Bi Joan ndiye aliyekuwa analia. Alisema maneno mengi akionyesha jikoni.

"Anasema nini?"

"Anasema amejaribu kila kitu. Samaki, kuku, wali. Anasema kila jioni ananiuliza, nami nasema hapana. Anafikiri chakula chake kinanichukiza."

"Na kinakuchukiza?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi kwa nini huli, mayi, mwanangu? Niambie. Asubuhi je?"

"Asubuhi anasema nifungue friji nichukue ninachotaka. Nitafunguaje friji ya watu? Mchana nakula biskuti za shule tu." Halafu akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimjue. "Kukhu, mimi nimekuwa nangojea aulize tena. Hajawahi kuuliza tena. Wewe ulikuwa unauliza."

Wasomaji wangu, nimezika mume. Nimeona nyumba yangu ikiungua pale Misikhu na mahindi ndani. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwenye kile kiti. Lile bakuli la Barasa lilinirudia, na gari la Mkurugenzi likiondoka, na miaka minane ya Jumanne na Ijumaa. Mifupa yote niliyoishika mabegani nikisema ni baridi. Nikamwona Cheptoo akinywa uji wangu, anashukuru.

Nikasema, "Nafula, simama. Utanisemea kwa hawa mama, neno kwa neno, usipunguze kwa heshima."

"Ndiyo, Kukhu."

"Sema: mimi Rosa ndiye nimemnyima huyu mtoto chakula."

"Kukhu, siwezi kusema hivyo."

"Sema!"

Akasema. Mkuu wa Kozi akavua miwani. Nikaendelea, naye akaendelea nyuma yangu. Nikaeleza adabu ya kwetu, kwamba anayekubali mara ya kwanza anaaibisha mamake. Kwamba bosi wangu aliniagiza niulize mara moja tu, nami nikamwona ni mtu mgumu, nikawa narudisha sahani akiondoka. Kwamba niliwafundisha watoto kungojea mtu ambaye huku hayuko. Nilipofika hapo nikaishiwa na maneno. Lakini Nafula hakunyamaza. Aliendelea bila mimi. Kiingereza kilimtoka, na hakikuwa kile cha insha. Kilikuwa kinakatika, kinarudi nyuma, kinapanda, mikono inasaidia. Sikuelewa yote. Nilisikia neno shangazi, nikasikia njaa, nikasikia harufu ya mkate. Alikuwa anaongea na yule mwanamke mwenyewe, si na mtihani. Bi Joan aliziba mdomo kwa mkono.

Alipomaliza, Bi Joan alisema jambo fupi.

"Anasema siku tisa nzima alikuwa anatamani kuniuliza tena," Nafula akanitafsiria. "Aliona ni kukosa adabu."

Mkuu wa Kozi akasema kitu kimoja tu: sawa, tuone. Bi Joan akakimbilia jikoni, akaleta bakuli la nyama na viazi, moshi unapanda. Akasimama mbele ya Nafula, akauliza. Ile sentensi yangu kabisa, ya nane katika zile kumi na mbili.

Mdomo wa Nafula ukafunguka. Niliona ile hapana ikija, ya miaka kumi na sita, ya nyumba ya shangazi. Akaifunga midomo. Bi Joan, kwa vile sasa anajua, akavuta pumzi ili aulize mara ya pili, na uso wake wote unabembeleza.

Nikainua mkono. "No," nikamwambia kwa Kiingereza changu. "Once." Mara moja.

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumzuilia mtoto chakula, na mtoto mwenyewe alikuwa mifupa. Ningeweza kupiga magoti nimbembeleze mimi. Lakini kesho ataenda meza nyingine, na huko Bi Joan hatakuwepo, wala mimi. Bakuli likaning'inia pale hewani. Bi Joan akalishika kwa mikono miwili. Akaanza kuliondoa, polepole, kama alivyofanya siku tisa.

"Yes," Nafula akasema. "Yes, please. Yes."

Alikula akilia. Ijumaa ndege iliondoka bila yeye. Alimaliza wiki zake tano, akapata cheti chake, na kule Kamukuywa shangazi yake alimpokea kwa vigelegele kana kwamba hakuwahi kumwambia asirudi.

Mimi nilikuwa na deni lingine la kusema. Asubuhi iliyofuata nilimpigia Mkurugenzi simu.

"Mkurugenzi, mimi ndiye nimemwua Nafula."

"Amekufa?!"

"Hajafa, amekula viazi. Lakini ni mimi." Nikamweleza yote.

Akasema, "Lakini Jumanne na Ijumaa wote walikuwa wanakubali."

"Niliwaambia wakubali, bwana. Ulikuwa ukiondoka tunaanza kula upya."

"Miaka minane?"

"Miaka minane."

"Wataje wote waliorudi wamekonda."

Nikawataja. Wanyonyi, Nekesa, Nelima, Simiyu, Kiprop, Barasa, nikaenda hivyo kundi kwa kundi, hakunikatiza. Nilipofika kwa Cheptoo nikasikia akipumua kwa nguvu. Nilingojea anifute kazi. Badala yake akasema, "Mwaka wangu wa kwanza kule nililala siku nne bila chakula cha jioni, na nyumba nzima inanukia nyama. Ndiyo sababu nikajenga nyumba ile Kibomet."

Nilishtuka upya. "Mbona hukuniambia, bwana? Ungeniambia hivyo tu, nisingerudisha sahani hata moja."

"Mama Rosa, mwanamume mzima ataanzaje kusema alilala njaa kwa sababu ya adabu?"

Niliporudi nilifanya kazi miaka mitano zaidi, na ndiyo miaka ninayojivunia. Niliuliza mara moja. Aliyekataa, nilipeleka bakuli jikoni na kufunga mlango, nikaenda nyuma ya nyumba kuchuma majani ya sukuma ovyo ili nisisikie matumbo yao. Kesho yake walikubali. Nilianzisha pia somo la friji. "Fungueni! Chukueni mkate wangu! Wewe, mbona unatetemeka, friji ina nyoka?" Walicheka mpaka machozi, lakini ilichukua siku tatu mtoto wa kwanza kuthubutu. Waliorudi baada ya hapo walirudi na mashavu.

Nilipanda pia Kapsokwony kumtafuta Cheptoo. Nilimkuta akichagua vitunguu, mwanamke mzima, na mtoto mgongoni. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa maana sikuona haki ya kuketi. Alichagua vitunguu vitatu au vinne zaidi kabla ya kunijibu.

"Nilidhani ni mimi tu," akasema.

Kila mwaka namwandikia salamu. Wakati mwingine anajibu.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Misikhu, magoti hayataki baridi. Nyumba ya Mazoezi bado iko, ina mama mwenyeji mpya mwenye diploma. Alinijia mwaka jana akaniuliza siri ya kazi. Nilimwambia, mwenye kukupa sheria muulize ilimwuma wapi. Na kama wewe ndiye mwenye sheria, usione aibu, sema. Watoto wa watu wasilipie aibu yako. Aliandika kwenye simu yake. Sijui kama alielewa.

Mwezi wa nane Nafula alinitembelea. Ni mwalimu wa Kiingereza Bungoma sasa, mwanamke mnene, asante Mungu. Nilichinja jogoo. Nikamletea bakuli pale anapokaa, nikamuuliza, "Nikuongezee, mayi?"

"Hapana, Kukhu. Nimeshiba. Nilikunywa chai njiani."

Nikageuka, nikaondoka na bakuli. Sikufikiri, miguu tu ilikumbuka kazi. Nilikuwa nimefika mlango wa jikoni niliposikia kiti kikisukumwa.

"Kukhu! Unapeleka wapi hiyo kuku? Hapa ni Misikhu, bana! Si uulize tena?"

Nikarudi. Nikauliza, akakataa, macho yake yako ndani ya bakuli. Nikambembeleza, akakataa tena, anaficha kicheko kwa kiganja. Mara ya tatu akanyoosha sahani. Nikatafuta kwa kijiko mpaka nikaipata firigisi, ambayo kwetu huwekewa mwenye nyumba, nikamwekea yeye.